Bonaventura na Bunduki ya Thelathini na Mbili

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha majembe shambani mkaja hapa Nyamahanga, familia ilitaka kusoma kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Bonaventura Bartholomayo, lakini mjane wake, Mama Restituta, amekataa, amesema ufupi ndio uliomponza mume wake, basi tusome yote, hata lile ambalo yeye mwenyewe angependa lisomwe watu wakiwa wameshakwenda nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Julai 1936 huko Bukiriro, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bartholomayo, na alipokuwa na miaka kumi mama yake alifariki akimzaa mdogo wake, Methusela, na tangu siku ile Bonaventura ndiye aliyembeba mtoto yule mgongoni, akimpeleka kwa majirani wenye maziwa, akirudi naye amelala. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1950 ili mdogo wake apate wa kumtazama, wala hakuna aliyewahi kumsikia akililalamikia hilo, ingawa sifa ya kulalamika alikuwa nayo, hasa juu ya uji wa moto na watu wasiofunga milango.

Mwaka 1957 aliajiriwa Biharamulo kuwa askari wa wanyamapori, akafundishwa kupima bunduki na mzee mmoja wa kazi, Gaspari, ambaye alimwambia neno alilolirudia maisha yake yote, kwamba bunduki haidanganyi, anayedanganya ni aliyeipima. Alifundishwa kulala kifudifudi, mtutu juu ya gunia la mchanga, akilenga duara la masizi lililochorwa kwenye gunia tupu, kwanza kwa mita hamsini aone bunduki inatema wapi, kisha mia, kisha mia tatu, kwa sababu bunduki inayosema kweli karibu inaweza kudanganya mbali, na kila umbali ni risasi tatu, ya kwanza bahati, ya pili ushahidi, ya tatu hukumu. Kila aliloliona aliliandika katika daftari.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Restituta, binti wa Kirushya, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Deodata, na mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, wakapewa kiwanja hapa Nyamahanga pamoja na Methusela, ambaye tayari alikuwa kijana wa miraba minne na mcheshi kupita kiasi.

Wenye umri mnakumbuka ile kamba ya katani ya kijiji, ya mita hamsini, iliyopimia kila kaya sehemu yake ya kulima katika shamba la ujamaa. Mama Restituta ametutuma tuwaambie, naye ameketi hapa mbele yenu, kwamba katika palizi ya mwaka 1976, yeye alipokuwa mja mzito na mgongo ukimuuma, aliikata kamba ile mita kumi, Methusela akishika ncha ya pili, wakafunga fundo jipya na kulipaka udongo lionekane la zamani, na kwa miaka miwili kijiji kizima kililima pungufu bila kujua kilichokipa nafuu. Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule yupo hapa, ameambiwa jana, amenyamaza, nasi tumeamua kwamba kunyamaza kwake ni kusamehe.

Vita vilipoingia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, mgambo wetu waliitwa, na tarehe 28 Novemba, siku ya Jumanne, zililetwa bunduki thelathini na mbili, na Bonaventura akaambiwa azipime zote kabla lori halijaondoka saa kumi jioni. Hakukuwa na muda wala futi ya kupimia, mtu akakimbia ofisini akaleta kamba ya kijiji, ikalazwa mara sita, ikahesabiwa kuwa mita mia tatu, kumbe ilikuwa mia mbili na arobaini.

Methusela alikuwa kwenye mstari, bunduki yake ikiwa ya thelathini na mbili, na aliiona kamba ikilazwa. Marehemu kwa upande wake aliona jambo lililomkosesha raha, kwamba kila bunduki ilikuwa inapiga juu ya duara, zote kwa kiasi kilekile, na alijua fika kwamba bunduki thelathini na mbili haziugui ugonjwa mmoja siku moja, lakini kamanda alikuwa anahesabu dakika, na Bonaventura akajiambia labda ni risasi za shehena mpya, akazishusha zote, moja baada ya nyingine, kwa kuzungusha kile kijiti cha kulengea kilichoko mbele ya mtutu, nusu mzunguko. Lori likaondoka, Methusela akipunga kofia.

Jioni ile, mezani, alisema tu kwa kulalamika, kama kawaida yake, kwamba bunduki zote zilipiga juu, na Mama Restituta akauliza umbali ulipimwa kwa kitu gani, akajibiwa, akaweka chini bakuli la maharage, akalia, akasema yote. Marehemu hakumgombeza, na Mama anasema afadhali angemgombeza. Alichukua karatasi akahesabu, akaona kwamba askari atakayemlenga adui aliyelala mita mia tatu atapiga udongo mbele yake, na adui atajua alipo.

Alfajiri aliazima baiskeli ya jirani yetu Anatoli, akafunga ufunguo wake wa kuzungushia vijiti vya kulengea na daftari kwenye kitambaa, akaendesha siku mbili kuelekea kaskazini kwa njia ya Muleba, mvua ikimnyeshea, akimuuliza kila aliyekutana naye kama ameliona lori, na kila aliyejibu kwamba limepita jana alimwongezea woga. Aliwakuta katika kambi ya muda. Kamanda alimfokea, akamnyima risasi, mwishowe akampa tisa, na kwa kamba mpya aliyoipima kwa futi ya seremala alipiga bunduki moja katika mita mia tatu za kweli, akaona risasi zinaanguka shibiri moja na ushee chini ya duara, akarudisha nusu mzunguko, zikarudi katikati, na hapo akazirudisha bunduki zote zilizokuwapo, thelathini na moja kwa hesabu. Ya thelathini na mbili haikuwapo, Methusela alikuwa ameondoka asubuhi ileile na kikosi cha mbele.

Mwezi Machi 1979 ilikuja barua kwamba Methusela amefariki akilitumikia taifa, bila kueleza alivyokufa. Tangu hapo marehemu hakupata usingizi mzuri. Daftari lile lina mistari thelathini na miwili, mbele ya thelathini na mmoja imeandikwa "imerudishwa," na mbele ya wa mwisho ni patupu, na kila siku alilifungua akapatazama hapo patupu. Mwaka 1980 akapata vidonda vya tumbo, akalazwa mara nne, na Ijumaa iliyopita, tarehe 9 Machi 1984, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, na neno lake la mwisho kwa Deodata lilikuwa kumuuliza kama kamba imeletwa.

Jana mchana alifika msibani Laurian, aliyekuwa kikosi kimoja na Methusela, ambaye baada ya vita alibaki jeshini, akapangiwa kusini, na hii ndiyo likizo yake ya kwanza kufika huku. Ametueleza kwamba Methusela hakukaa na siri yake hata siku moja, ndani ya lori lilelile aliwaambia wenzake kwamba kamba ilikuwa fupi, kwamba alinyamaza uwanjani ili shemeji yake asifungwe, na kwamba ameshapata dawa yake, kulenga shibiri moja juu, na Laurian alimwona kwa macho yake akilenga hivyo, na hakuwa akikosa. Alikufa gari lilipokanyaga bomu la ardhini, bunduki ikiwa magotini, hajaifyatua. Alikuwa amemwagiza Laurian amwambie kaka yake asihangaike, na Laurian anatuomba radhi kwa kuchelewa, nasi tumempa radhi, ingawa imetuuma, tena sana.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, askari wenzake wa wanyamapori, Anatoli kwa baiskeli ambayo haikurudi nzima, na majirani kwa kuni, ndizi na kukesha nasi.

Asubuhi hii Mama Restituta ameomba kalamu, akaandika kwa mkono wake katika mstari wa mwisho wa daftari, nalo limewekwa kifuani mwa marehemu. Bonaventura, ya thelathini na mbili ilikuwa inapiga sawa. Lala sasa, mzee wetu, upumzike kwa amani.