Nani Anamlinda Locomotive?

Kijiwe hiki cha mtaa wa Kabondo kina benchi moja, meza ya Mama Tania yenye birika la kahawa, na sheria moja: sigara ikiwashwa, inazunguka, na hakuna anayeiruka. Asubuhi hii benchi lilijaa kwa sababu Papa Hemedi, aliyebandikwa jina la Locomotive, kichwa cha treni, kwa moshi wake wa sigara, amerudi. Alikwenda upande wa Yanonge kununua samaki wakavu, kifua kikambana huko huko, akalazwa katika hospitali ya kijijini. Sasa amerudi mzima, amekonda kidogo, na sigara ameacha. Muuguzi wa kule, Sikujua, hakumficha: kifua kile hakitavumilia moshi tena. Hemedi alikaa mwisho wa benchi, kama mtu anayetaka nafasi ya kukimbia.

— Donc, balikufanya nini? aliuliza Papy, fundi wa baiskeli, anayeitwa Docteur kwa kuwa hakosi maelezo. We ulikuwa unavuta hata mu usingizi.

— Balinilaza tu, alijibu Hemedi.

— Apana. Ni ile serum. Bantu banazani iko maji. Iko sabuni. Inashuka mu mishipa, inafua mapafu.

Hugues, au Ministre kwa sababu ya koti asilolivua hata jua likiwaka, alimwonea huruma.

— Sabuni haiwezi, Docteur. Balimupiga picha ya mapafu, bakamuonesha. Alors pafu lenyewe likasikia haya. Leo lenyewe njo linakatala moshi.

— Na mwenye hakupigwa picha? aliuliza Docteur.

— Bon, huyo ni sindano. Mu pori banapatia nyani sigara. Nyani anakatala. Ile roho yake ya kukatala banaivuta na sindano, banaichoma mutu.

— Locomotive, umeanza kutamani ndizi? aliuliza Mama Tania.

Benchi zima likacheka. Hemedi naye alicheka. Lakini harufu ya kahawa ilikuwa inamwita mwenzake, sigara. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko sindano ya nyani. Kila asubuhi Sikujua aliketi kitandani kwake, akamuuliza hamu inamshika wakati gani, akampa tangawizi atafune. Hamu ikimzidi, Malika, mpwa wa Hemedi aliyeishi kule kijijini na aliyekuwa garde-malade wake, akimpikia na kulala mkekani kando ya kitanda, alimshika mkono wakatembea hadi mtoni. Siku ya kutoka, Sikujua alimwambia: “Malika anabaki huku. Kule kwenu, utafute garde-malade mwingine.” Njia nzima ndani ya mtumbwi Hemedi aliwafikiria hawa wa benchini. Sasa aliona haya. Amezoea kuwaomba moto; atawaombaje wamlinde?

Ministre akawasha sigara. Ikafika kwa Docteur, naye, bila ubaya wowote, akamnyooshea Hemedi. Mkono wa Hemedi ukainuka wenyewe.

Mama mmoja mwenye beseni la makemba, ndizi za kupika, kichwani alikuwa amesimama kunywa kahawa. Hakuna aliyemjua.

— Huyu papa njo ametoka hospitali? aliuliza.

— Njo yeye, mama, alisema Docteur.

— Na garde-malade wake ni nani?

Docteur alimtazama Ministre. Ministre alilitazama birika. Mji mzima unajua kwamba mgonjwa asiye na garde-malade ni aibu ya watu wake. Mama yule alikunywa kahawa yake, akangoja.

Docteur akaurudisha mkono. Ministre aliichukua sigara, akaikanyaga, nayo ilikuwa bado ndefu.

— Iko siye, mama, akasema kwa sauti ya chini.

Hemedi alivuta pumzi hadi chini kabisa ya kifua, na machozi yakamlengalenga.

— Basi munisaidie, alisema. Hamu ikinishika, munitembeze.

— Sasa imekushika? aliuliza Docteur.

— Imenishika sana.

Wakasimama wote watatu. Ministre, ambaye hajawahi kuonekana akiacha kikombe na kahawa ndani, alikiacha chake mezani, akatangulia na koti lake.