Mestre Tuaibo na Ubishi wa Teke la Kuzungusha

Tarehe 31 Julai mwaka huu Mwalimu Tuaibo Sumaila Latifo anamaliza miaka thelathini na miwili ya utumishi, ambayo mingi ameitumia hapa shuleni kwetu Palma. Serikali itamwandika kuwa mstaafu. Sisi tuliokaa naye sala ya walimu, yaani chumba chetu cha walimu, tunamwandika kuwa mtu aliyetufundisha, bila sisi kuomba, kila kinachojulikana duniani juu ya teke moja.

Mimi nafundisha Historia na sijawahi kuvaa kimono. Ila meza yangu iko kati ya meza yake na ya Mwalimu Hermínio Pedro wa Fizikia, na mtu akikaa hapo miaka kumi na moja atajua karate apende asipende.

Mwalimu Tuaibo alianza kazi Februari 1993 katika shule ya msingi huko Olumbi, kwenye darasa lenye paa la makuti aliloliezeka yeye mwenyewe pamoja na wazazi. Baadaye akaletwa Palma kufundisha mazoezi ya viungo, na Jiografia kila alipokosekana mwalimu wa Jiografia, yaani karibu kila mwaka. Karate aliipata Nampula akisomea ualimu. Alirudi nayo pamoja na kimono kimoja, ambacho mkewe, Bi Awa, amekitia viraka mpaka leo hakuna anayejua kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi.

Alipoanzisha klabu hatukuwa na ukumbi, na ua wa shule ni kokoto tupu. Akawapeleka watoto ufukweni wakati maji yamekupwa, pale mchanga unapokuwa mgumu. Ndiyo maana ratiba ya klabu yetu haikufuata saa, ilifuata maji: juma hili asubuhi, juma lijalo alasiri. Direktori mmoja mgeni, yaani mkuu wa shule, aliwahi kuipanga Jumanne na Alhamisi saa tisa, akaenda kukagua na viatu vyake vya ngozi, akakuta bahari imekaa mahali pa klabu. Wanafunzi hawakwenda kabisa siku ile. Hakuna aliyedhani kuna haja ya kumwambia.

Mchanga ndio ulikuwa ubao wake. Mwanafunzi akishapiga teke, Mestre, kama walivyomwita, hakuutazama mguu ulioruka. Alikwenda kuinama kwenye shimo lililoachwa na mguu uliobaki chini, akalisoma, kisha akamwambia mtoto kama aliogopa, kama aliharakisha, au kama alikuwa anafikiria chakula. Mara nyingi alipatia.

Kwa wasiojua, teke lenyewe ni lile la kuzungusha, linalomjia mtu ubavuni. Mestre anaamini mguu utoke chini kwa mshazari, moja kwa moja, ukalitafute paja la mwenzako kwa muundi. Liwe la chini na la haraka, na mambo yaishe. Mwalimu Hermínio, ambaye kwao ni Mueda na karate yake ni ya sakafu ya saruji, alifika mwaka 2014 na imani nyingine. Kwake goti lipande kwanza, kisigino kiguse tako, ndipo nyonga izunguke na mguu ufunguke, upige juu kwa sehemu ya mbele ya unyayo, vidole vimerudishwa nyuma.

Mestre alisema teke la namna hiyo linachukua muda mrefu kiasi kwamba adui anaweza kumsalimu mkewe kabla halijafika. Hermínio alisema teke lisilopandisha goti ni la kufungia mlango mtu akiwa amebeba mizigo. Mmoja alichora duara na mishale ubaoni, mwingine akavifuta. Siku moja walianza kuonyeshana, wakaangusha chupa ya chai juu ya mitihani yangu ya darasa la kumi. Nilikasirika kweli. Waliokota karatasi wote wawili, na huko huko chini ya meza wakawa wanabishana kama nyonga ilikuwa imezunguka vya kutosha.

Ubishi ulinyamaza mara moja tu. Mwaka 2021, mji wetu uliposhambuliwa na tukakimbia wote, Mestre alijikuta Pemba, uani kwa shemeji yake. Aliwatafuta wanafunzi wake mmoja mmoja, kambini na kwenye nyumba za jamaa, akawapanga mstari. Wengine walikuwa hawasemi. Hakuwauliza neno, aliwahesabia mateke tu. Hermínio naye alisimama mwisho wa mstari, ameshika mto wa kupigia, na miezi ile yote hakumpinga. Nasema wazi kwamba wapo watoto waliorudi shuleni kwa sababu ya mstari ule, na kwa hilo peke yake mtu huyu anastahili heshima yetu yote.

Tuliporudi Palma, ubishi ulirudi nasi, na mwaka 2023 ukapata chakula. Yalikuwa mashindano ya mkoa, ukumbini, juu ya mikeka laini wanayoiita tatami. Watoto wetu hawakuwahi kupiga teke mahali pengine ila mchangani, ambako mguu wa chini unazama na lazima uung'oe kwa nguvu ili ugeuke. Juu ya tatami hakuna kinachozama. Alima Muhamudo, tegemeo letu, alipiga teke lake la kwanza kwa nguvu ile ile ya ufukweni, akazunguka mzima, akajikuta anamtazama mgeni rasmi na mgongo amempa mpinzani. Aliyemfuata akafanya vile vile. Na wa tatu. Ukumbi mzima ulicheka. Hermínio hakucheka, wala hakusema kwamba alionya, ingawa alikuwa ameonya. Wakati wa kurudi, ndani ya shapa, yaani basi dogo la abiria, tulipokwisha kupita Macomia, Mestre akasema, "Hata hivyo, walizunguka vizuri."

Mwaka huu mambo yakawa mazito. Direktori alitangaza kuwa klabu lazima iwe chini ya mwalimu aliye kazini, la sivyo itafungwa siku Mestre atakapoondoka. Anayejua karate kati yetu ni Hermínio peke yake. Mestre akasema hawezi kumwachia watoto mtu huku yeye hajui kama teke la mtu huyo linafanya kazi. Hermínio naye akasema hatafundisha teke asiloliamini. Basi klabu ya watoto karibu arobaini ikawa inangoja kufa kwa ajili ya goti. Alima, ambaye sasa yuko darasa la kumi na mbili, alikuja sala ya walimu kuuliza kama ni kweli, akatoka analia. Mestre alimwona, na hakunywa chai siku ile.

Aliyeona kilichokuwa kinakosekana ni Bi Awa, aliyechoka kuyasikia hayo nyumbani. Alimuuliza mumewe swali moja: katika miaka yote hiyo, Hermínio amewahi kumpiga? Hakuwahi. Wala yeye hakuwahi kumpiga Hermínio. Hermínio anamwita Mzee, amekula kwake kila Idi, na mtu haunyanyui mguu kwa mkubwa wake. Walikuwa wamebishana kwa chaki na hewa. "Basi akupige," alisema Bi Awa, "yaishe."

Ikawa Jumamosi moja ya Juni, wakati wa bamvua, maji yamekwenda mbali. Wanafunzi walijipanga, na baadhi yetu tulikwenda tukiwa tumevua viatu. Mestre alisimama mbele, akasema, "Mdogo wangu, nipige la kwako. Ukinihurumia nitajua, na watoto sikuachii."

Hermínio alitikisa kichwa. "Mzee, hilo mimi siwezi." Akafungua mkanda wake, akauweka begani, akaanza kuondoka. Nilidhani yamekwisha hapo. Mestre akamwita kwa sauti ya chini kuliko ile anayotumia darasani: "Hermínio, nakuomba." Katika miaka yangu yote naye sikuwahi kumsikia akiomba kitu.

Hermínio alirudi. Akafunga mkanda. Akamwinamia, si ule upinde wa karate, bali namna mtu anavyomwinamia baba. Kisha goti likapanda, nyonga ikazunguka. Mestre aliliona linakuja, kama alivyodai siku zote, hata akapata muda wa kuinua mkono wa kushoto kulikinga. Alilikinga sawasawa. Na bado lilimkalisha chini, kwenye dimbwi lililoachwa na maji.

Hermínio alipiga magoti pale pale, anamshika mabega, anarudia kuomba radhi kwa Kireno, "Desculpe, Mzee, desculpe." Macho yake yalikuwa mekundu. Mestre alibaki amekaa, kimono kinachuruzika, anaupapasa mkono wake. Kisha akasema, "Linafanya kazi." Akawageukia wanafunzi na kuwaambia kuwa kuanzia siku ile mstari ni wa Mwalimu Hermínio, na atakayempigia la zamani kwa ubishi, asije kwake kusalimia. Nimeona watu wengi wakikabidhi vyeo, wengi wao kwa kununa. Huyu alikabidhi akiwa amelowa mpaka kiunoni, anacheka, na mimi nililia bila aibu.

Msidhani alikubali kushindwa. Jumatatu alifika kazini mkono umevimba, akatuonyesha mmoja mmoja kama anayeonyesha picha ya mjukuu mpya, kisha akaendelea kueleza kwamba teke lile linachelewa. Hermínio alichukua chaki. Nami nikaihamisha mitihani yangu.

Mestre Tuaibo, walimu wenzako, wanafunzi wako wa Olumbi na wa Palma, na wazazi wao wanakushukuru. Tunamshukuru Bi Awa na nyumba yako nzima. Mungu akupe afya, mihogo yako ya Olumbi izae, na mapumziko yako yawe marefu na matamu. Tarehe mosi Agosti utaamka hakuna kengele inayokungoja, na klabu itakuwepo, kwa sababu ulimwomba akupige mtu aliyekupenda mno asitake kukupiga.

Cleide Agostinho, kwa niaba ya walimu wote