Bastola Moja, Watu Watatu

Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo nasikia yote. Benchi letu limeegemea kibanda cha fundi wa viatu, hatua chache kutoka lango la mahakama, na ukikaa hapo wiki moja unaondoka mwanasheria. Mkubwa wa wanaokaa hapo tunamwita Jaji. Alifagia ukumbi wa mahakama miaka kumi na tisa, na hukumu alizozisikia akiwa ameshika ufagio anazihesabu kama zake. Mwenzake ni Kinyozi, asiyejua sheria lakini hajawahi kukubali kushindwa. Asubuhi hiyo walikuwa kazini kwelikweli. Mdogo wake Fundi amefungwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Walikamatwa watatu ndani ya gari moja, bastola moja chini ya kiti cha dereva, yeye amekaa nyuma. Rufaa inasikilizwa wiki ijayo, wakili hana, na kesho Fundi anatakiwa kumpelekea gerezani sababu za rufaa. Benchi lilikuwa linaziandika kwenye kifuniko cha boksi la viatu.

Jaji alitaka sababu ya kwanza iwe umbali. Akapima benchi kwa shubiri, akapata nane kutoka kwake hadi kwa Kinyozi, akatangaza kwamba mtu aliye shubiri nane kutoka kwenye bastola hana bastola, ana jirani mwenye bastola.

— Lakini hukumu inasema walikuwa nayo kwa pamoja, Fundi akamkumbusha, macho yake yakiwa kwenye kisigino alichokuwa anakipiga misumari.

— Kwa pamoja vipi? Kinyozi akadakia. Bastola inafyatuliwa na kidole kimoja. Na wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Hapo umemfunga upya, bwana, Jaji akasema. Hiyo ni methali ya upande wa mashtaka.

Kinyozi hakutetereka. Kama bastola ni ya wote, alisema, basi na kifungo ni cha wote: miaka thelathini, watu watatu, wagawane kumi kumi. Jaji akaipinga, kisha akaipenda, kisha akadai ni wazo lake la tangu zamani. Ikaandikwa.

— Tena haikulia hata mara moja, Kinyozi akaendelea, sasa amepanda mori. Mwenye kelele hana neno, sembuse asiye na kelele. Ile si silaha, ile ni chuma.

— Hata gari ni chuma, Jaji akasema.

— Enhe! Na ndilo lililoibeba. Mbona halikushtakiwa?

Wakakubaliana gari liwe mshtakiwa wa nne. Mgawo ukashuka hadi miaka saba na nusu kila mmoja, na Jaji akasema kwa mwendo huu kijana atarudi nyumbani mapema kuliko walivyodhani. Sitadanganya, hata mimi niliamini kidogo. Wanaume hawa wakiwa na uhakika wanaambukiza.

Kando yao alikuwa amekaa mama mmoja, mteja tu, hatumjui. Alikuwa anasubiri kiatu, mguu mmoja peku juu ya kipande cha gazeti.

— Samahani jamani, akasema. Yeye mwenyewe anasemaje? Alijua kuna bastola humo ndani, au hakujua?

Jaji akaanza kupima benchi upya. Kinyozi akageuza kifuniko upande wa pili, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa huko. Sote tukamtazama Fundi, maana ndiye anayekwenda gerezani kila siku ya kuonana, mwaka wa pili sasa, na sabuni na salamu za mama yao. Tumemaliza mabirika mangapi juu ya bastola hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza hilo. Niliona aibu.

— Sijamwuliza, dada, Fundi akasema.

— Kwa nini, kaka yangu?

— Naogopa atanijibu.

Hakuna aliyemtania. Alipiga msumari uliobaki, akapapasa kisigino ndani kwa kidole gumba kuhakikisha hakichomi, akampa mama yule kiatu chake. Kisha akachukua kifuniko kutoka kwa Kinyozi, akakiweka chini ya meza yake.

— Kesho namwuliza, akasema. Akisema hakujua, nitaiamini kauli yake na hiyo ndiyo itakuwa rufaa. Akisema alijua, tutaomba wampunguzie miaka, na sabuni nitaendelea kumpelekea.