Siku Mkurugenzi Alipohakikiwa

Kijiwe chetu kiko Manundu, hapa Korogwe mjini, mlangoni pa duka la Zuena, yule anayetoa fotokopi na kuwaingiza watu kwenye mifumo ya serikali. Tuna ubao mmoja mrefu, birika la kahawa la Adamu, na wataalamu wa kila jambo. Yupo Mzee Mhina, tunamwita Satelaiti kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea. Yupo Semboja, tunamwita Wakili tangu alipotoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi na upande wake ukashinda. Nipo mimi, sina jina la utani kwa sababu mimi ndiye ninayeyagawa. Asubuhi hiyo tulikuwa na Leboo wa Handeni, ambaye jina lake la Mkurugenzi si la utani: ana kampuni ya maziwa iliyosajiliwa, inauzia shule mbili za bweni hapa mjini. Agizo lilikuwa limetoka kwamba kila mkurugenzi na kila mmiliki wa kampuni ahakikiwe, namba ya kitambulisho chake na sura yake mwenyewe mbele ya simu. Shule zile nazo zilishasema, bila uhakiki hazinunui hata tone kuanzia Jumatatu. Basi Leboo alikuja na shuka jipya, akakaa nasi kumsubiri Zuena ajaze fomu kule ndani.

— Mnajua kwa nini wanataka sura? — Satelaiti akaanza. — Kuna marehemu wanaendesha makampuni. Kule Mkumbara mtu kazikwa, arobaini imepita, na juzi kasaini mzigo wa saruji.

— Acha kamba, Mzee Mhina, — nikamkatiza.

— Kamba nini? Ndiyo maana simu inakwambia ufumbe macho, ufumbue. Marehemu akifumba, kafumba.

Wakili akatikisa kichwa kama hakimu.

— Marehemu ni wachache. Tatizo ni matajiri. Mtu ana mabasi kibao, kampuni kaiandika kwa jina la mlinzi wake. Mlinzi ndiye mkurugenzi, na viatu vyake vinacheka.

— Mlinzi mwenyewe anajua? — nikauliza.

— Ajulie wapi? Siku akijua si ataomba basi lake!

Satelaiti hakubali kupitwa.

— Nyie mnacheza. Ile kamera inaingia kwenye mboni mpaka ndani kabisa. Inaona hadi ng'ombe uliowaficha kwa shemeji yako.

Leboo akavuta shuka.

— Mimi sijaficha ng'ombe.

— Sasa mbona umeshtuka?

— Na wakimaliza makampuni wanahamia mashambani, — Wakili akasema. — Kule Kwashemshi kila mgomba una mwenyewe. Utasimama na mgomba wako, simu inasema geuza shingo kushoto. Unageuza, na mgomba unageuza.

Nikauliza kuku je, maana kuku wa Korogwe hulala popote. Tukabishana kuhusu kuku mpaka Adamu akajaza vikombe bila kuombwa.

— Baba yangu hakuwa na karatasi hata moja, — Leboo akasema ghafla. — Alipita hapa mjini na ng'ombe, watu wakamwambia awapitishe haraka. Leo serikali yenyewe inataka kuniona uso. Niangalieni vizuri.

Tulimwangalia. Nilijivuna kukaa naye ubao mmoja, na sioni haya kusema.

Hapo Zuena akatoka, simu mkononi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti.

— Mkurugenzi, limebaki swali moja. Mwenye kampuni ni nani? Siulizi anayesaini. Nauliza mwenye mali hasa.

— Si mimi? Ng'ombe wote wangu.

— Kampuni inauza ng'ombe?

— Inauza maziwa.

— Maziwa ya nani?

Jamani, kijiwe chetu hakijawahi kukosa jibu. Tumeshajibu mambo ya mwezini. Lakini hilo lilituziba midomo, maana sisi tuliokaa na Wamasai wa Handeni miaka yote tunajua: ng'ombe ni wa baba, maziwa ni ya mama. Anayekamua ni yeye, anayegawa ni yeye, na mwanaume mwenye heshima zake akitaka kikombe anaomba.

— Sema ni yako, bwana! — Wakili akanong'ona. — Simu itajuaje?

— Simu haitajua, — Leboo akajibu. — Ila jioni nitafika bomani kwangu, mama Nemayian atanipa maziwa. Nitayameza vipi?

— Na Jumatatu?

— Nimesikia, Wakili.

Akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kwani Mkurugenzi ndilo jina alilokuwa akiitwa kuanzia Handeni mpaka kwa bodaboda wa hapa stendi, na nilidhani analiacha pale pale.

— Wakiniondolea hilo jina, — akasema taratibu, — nabaki mchunga ng'ombe tu.

Kisha akasimama, akaita ng'ambo ya barabara:

— Mama Nemayian!

Naisimoi, mkewe, alikuwa kivulini na madumu matupu, ametoka kugawa maziwa shuleni. Tangu asubuhi hakuna aliyemwuliza kitu. Akavuka, akatuamkia, akasikiliza. Leboo hakumung'unya maneno.

— Wanamtaka mwenye maziwa. Nasema ni wewe.

Naisimoi akapanga shanga zake shingoni, akamgeukia Zuena.

— Nisimame wapi?

Zuena akaingiza namba ya kitambulisho chake; simu ikasema fumba, akafumba. Ikasema geuka, akageuka, polepole, kama mtu anayekagua zizi lake. Ikakubali mara ya kwanza. Satelaiti akapiga makofi, na mimi nikajikuta napiga pia, machozi yananilengalenga.

— Hongera mama, umehakikiwa, — Zuena akasema. — Mmiliki ni wewe. Sasa huyu mzee nimwandike nani?

Leboo alikuwa anatazama viatu vyake vya matairi.

— Maziwa hayatoki bila majani, — Naisimoi akasema. — Na kutafuta majani huku kwetu wakati wa kiangazi si kazi ya kumpa mtu yeyote. Mwandike mkurugenzi. Nimemweka mimi.

Zuena akamnyooshea Leboo simu. Kabla haijamwambia ainue kichwa, kichwa kilikuwa juu.