Picha Niliyoikosea Mpuguso

Bwana asifiwe, wapendwa! Jamani, mbona mnaitika kama hamjanywa chai? Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Furaha, yule Mkongo anayechora na kuandika, nimepanga pale Msasani ya Tukuyu. Nilikimbia vita kwetu nikiwa na brashi zangu na daftari la hadithi, basi. Nikachora mabango ya saluni na maduka, nikapata kula. Hadithi nikawasomea akina mama wa kwaya, wakacheka, nikajiona nimefika. Kiburi, ndugu zangu! Kilinijaa mpaka shingoni.

Ndipo nikaitwa hapa Mpuguso kuchora ukuta wa ukumbi wa kanisa letu: familia ya Mzee Ambokile wakishukuru mavuno. Nikamketisha mzee, na ubavuni pake nikamweka Tumpe, mke wa mwanawe, wanakula sahani moja, wanatazamana na kucheka. Nikasema hapo upendo umekamilika.

Loo! Jumapili Tumpe akaingia, akaiona, akajifunika kitenge usoni, akatoka. Akaacha kuja kanisani. Akina mama wakanieleza kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anapinda pembeni. Na mimi nimewalisha sahani moja mbele ya kanisa zima! Badala ya kuomba radhi nikawajibu kwamba kwetu hayo hayapo, na wao wamepitwa na wakati. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe.

Kuanzia hapo hakuna aliyenipa kazi. Kibaya zaidi, mkono wenyewe ulikataa. Nikishika brashi sipati mstari, nikifungua daftari sipati neno. Wiki kwa wiki! Nikaona nchi hii imenitapika, nikafunga mizigo nirudi kulekule kwenye bunduki.

Asubuhi ya kuondoka nilipiga magoti, nikalia sana. Nikamwambia Mungu nimewadharau watu walionipokea. Nikainuka na machozi yangu, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Ambokile kuomba radhi. Nilitegemea kufukuzwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, usiifute. Chora mgomba katikati yetu."

Mgomba, ndugu zangu! Siku ileile nikachora mgomba mnene wenye mkungu wake, Tumpe upande huu na sahani yake, mzee upande ule na yake, wasionane. Mkono haukukataa hata kidogo. Haleluya! Jumapili Tumpe akaja, akasimama mbele ya ukuta, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Sasa nimekaa vizuri," akaniambia.

Leo Tumpe ndiye anayesoma hadithi zangu kabla ya mtu mwingine yeyote, na ananikosoa bila huruma. Kazi zimerudi, nyingine nakosa hata nafasi ya kuzifanya. Ndaga fijo, Mungu wangu, asante sana!

Na wewe unayejiona mgeni, uliyekosea na unataka kukimbia, mwamini Yesu. Nenda kwa uliyemkosea, leo, kabla ya chakula cha mchana. Bwana amekutangulia mlangoni kwake. Mimi mnaniona. Nipo Tukuyu, na sing'oki!