Dhahabu ya Baba yake Mzee Lieven

Benchi limeegemea ukuta wa duka la Zulfikar, mtaa wa Walthamstow, Uingereza, na anayekaa mwisho lazima akaze mguu asidondoke. Dele la kahawa liko juu ya kreti. Zulfikar, mtu wa Mombasa, ndiye anayegawa kahawa na zamu ya kusema, ndiyo maana wakamwita Spika. Griffins anaendesha basi la ghorofa, basi naye akawa Dabodeka. Manish wa Kisumu, mhasibu mstaafu, ni Gugo, kwa sababu hajawahi kusema hajui. Jumatano hiyo Jotham alifika akitoka shifti kwenye nyumba ya kulelea wazee, na moyo mzito. Mzee Lieven, Mbelgiji ambaye Jotham alikuwa akimwogesha na kumlisha, amefariki. Anazikwa Ijumaa, na hana mke, hana mtoto, hana hata jirani. Kwao Kakamega mtu hazikwi na mtu mmoja, na Jotham alitaka jamaa hawa waje naye. Ila aliwajua vizuri: ukianza na maziko, kila mtu atakumbuka ana kazi. Akaona aanzie kwenye dhahabu. Hapo ndipo alipojiharibia.

— Yule mzee wangu, — akasema, — babake alikuwa fundi wa injini kwenye meli ndogo ya doria ya Ubelgiji. Mwaka wa arobaini, Hitla anakuja mbio, wakapakia dhahabu ya serikali pale Ostend wakavuka nayo hadi huku Uingereza.

Dabodeka nusura amwage kahawa.

— Dhahabu ya serikali nzima? Na kimeli? Wacha kutupiga kamba, buda!

— Haki ya Mungu! Nimeona picha. Babake amesimama kwenye sitaha, mikono imejaa grisi, anacheka. Sasa Ijumaa...

— Ngoja, — Spika akainua kidole. — Manowari kubwa zilikuwa zimekwenda wapi?

— Si ndio ujanja wenyewe! — Gugo akarukia. — Mjerumani anapita juu na ndege, anaona kimeli, anasema, wale wanavua dagaa. Anaenda zake!

— Na uzito je? — Dabodeka akauliza. — Mimi najua mambo ya uzito. Abiria wakijaa ghorofa ya juu, kwenye kona nashika usukani nikiomba Mungu. Ile dhahabu hawakuipanga juu, manze. Waliitandaza chini, ikawa ndiyo sakafu.

— Sakafu tu? — Gugo akacheka kwa dharau. — Waliyeyusha, wakafanya nanga!

— Nanga kazi yake kuzama, Gugo.

— Basi ndiyo hiyo! Ilizama, na iko chini mpaka leo!

Wakapiga kelele hadi muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara akageuka. Hata Jotham damu ilimchemka. Alijikuta akieleza vile mabaharia walivyolala juu ya masanduku, vile injini ilivyokohoa katikati ya maji na babake Lieven akaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Alikuwa akiinogesha hadithi, na alijua. Kisha akamkumbuka Lieven kitandani, akaona haya.

— Jamani, Ijumaa mimi nataka...

— Wakishafika huku walificha wapi? — Dabodeka alikuwa amesimama sasa. — Jiulizeni: kwa nini ile reli ya chini ya ardhi, ya Victoria, inaishia hapa hapa Walthamstow? Kwa nini haiendelei mbele?

— Walichimba wakaikuta! — Spika akapiga kreti, vikombe vikaruka. — Wallahi waliikuta!

— Na ilitoka wapi yote hiyo? — Gugo akanguruma. — Kongo!

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja na mfuko wa sombe, yale majani ya muhogo, akingoja mtu wa kumuuzia mawese. Ni Euphrasie, mtu wa Bukavu kule Kongo, mgeni mtaani.

— Dada, njoo udai mali yenu! — wakamwita.

Euphrasie akacheka, akakaa pale mwishoni, akakaza mguu. Spika akammiminia kahawa iliyobaki. Mama huyo akamgeukia Jotham.

— Ndugu, kila mara unasema Ijumaa, na hawa wanakukata. Ijumaa kuko nini?

Jotham akamwambia: maziko, mzee, hakuna mtu. Alimpenda mzee yule, na hakuwa amemwambia mtu.

Euphrasie akaweka kikombe chini.

— Tangu nimesimama hapa muko munabeba dhahabu. Mimi niko nauliza tu. Jeneza ya huyo baba, nani atabeba?

Dabodeka aliangalia viatu vyake. Spika aliinamisha dele, yakatoka machicha.

Jotham alitamani asingelitaja dhahabu kabisa.

Kisha Dabodeka akamsogelea, akasimama ubavuni pake, bega kwa bega, akachungulia nani mrefu.

— Spika, kaa nyuma yangu, — akasema. — Gugo, simama.

— Goti langu...

— Simama tuone.

Spika alivua aproni akajipanga. Gugo akainuka akishika ukuta, akajiweka nyuma ya Jotham. Alikuwa mfupi kuliko wote, karibu kichwa kizima.

— Nitavaa viatu vya harusi, — akasema. — Vina kisigino.