Uzito wa Ijumaa

Nyuma ya Msimbazi, pale Kariakoo, mbele ya duka la nafaka la Mzee Hamud, palikuwa na benchi la mbao lenye wenyewe. Ukimwacha Hamud, wenyewe walikuwa watatu. Kontena, jina la ubatizo Marcelino, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kugombana na winchi. Luninga, yaani Eliasi, alikuwa fundi wa redio na televisheni, na hakuna habari duniani ambayo hakuiona kwa macho yake kwenye televisheni ya mteja. Profesa, yaani Elieshi, alifundisha shule ya msingi mpaka mshahara ukamshinda, sasa anauza makoti ya mitumba. Kila Ijumaa Hamud akitoka msikitini, muuza kahawa alitua birika lake hapo, na wazee hao wakapanda kwa zamu juu ya mizani kubwa ya magunia. Mzito kuliko wote ndiye aliyewanunulia wenzake kahawa. Msidhani ilikuwa adhabu, ilikuwa heshima. Watu waliowahi kupanga foleni ya sukari kwenye duka la kaya, wakarudi nyumbani mbavu nje na kapu tupu, walijua thamani ya kitambi. Na miezi ile ya mwisho heshima ilikuwa ya Hamud peke yake. Kila Ijumaa aliongezeka, wakampigia makofi, wakamwita Mzee wa Neema.

Ijumaa hii ndiyo alikuwa ametoka hospitali, na alisimama ndani ya duka lake mwenyewe, nyuma ya magunia ya mchele, akiogopa kutoka. Kanzu ilimpwaya. Shingo ilikuwa imebaki na mishipa. Alijua mtaa unavyomsoma mtu aliyekonda siku hizi: haulizwi anaumwa nini, wanasema tu kakanyaga miwaya, ana ule ugonjwa usio na dawa, kisha wanaanza kumkimbia, mmoja leo, mwingine kesho. Kitandani alikuwa amepanga maneno mazuri ya kuwashukuru hawa watatu. Sasa aliwasikia wakiongea chini chini huko nje, na maneno yote yakamtoka.

— Bwana we, Mauza mkewe akamwambia kutoka kaunta, unataka benchi likufuate humu ndani?

Akatoka. Vichwa vitatu vikainama.

— Shikamoo, Mzee, Kontena akasema, na hakumtazama usoni.

— Marahaba. Mbona kama mna msiba?

Luninga akasogea kumpa nafasi, akasogea mno, mpaka nusura aanguke. Hamud akaketi kwenye nafasi hiyo kubwa na moyo wake, huo huo uliomtia hospitali, ukamwuma. Basi ndiyo hivyo, akawaza, wameshanitenga.

— Sema tu, Mzee, Kontena akalipuka. Tutukane. Ni haki yako.

— Niwatukane kwa lipi?

— Sisi ndio tuliotaka kukuua! Unavimba, tunakupigia makofi. Miguu inajaa, tunasema neema. Mimi mwenyewe nilikushika shavu nikasema hili shavu la milionea. Kumbe shavu la maiti.

— Ongea vizuri wewe, Profesa akamkanya.

— Naongea ukweli. Silali, aisee. Mke wangu kaniuliza kama nina deni.

Hamud akawatazama mmoja mmoja. Kumbe lile lililowafanya wainamishe vichwa lilikuwa aibu, hawakuwa wanamkimbia! Akataka kucheka, machozi yakatangulia. Akayafuta kwa kofia yake bila kujificha.

— Nisikilizeni, akasema. Siku ile mliponifikisha pale mapokezi, mimi pumzi sina, mask usoni, naona midomo yenu tu. Daktari akauliza, huyu kaanza kuongezeka lini? Mnakumbuka mlifanya nini?

— Tuligombana, Luninga akasema kwa sauti ndogo.

— Mligombana! Huyu anasema Ijumaa ya mvua nilikuwa kilo themanini na tano, huyu anasema themanini na sita, huyu anasema Ijumaa iliyofuata tisini na nilinunua kahawa na kashata. Mapokezi yote yanawasikia. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hakuna binadamu anayenenepa kilo nne kwa wiki kwa kula wali. Haya ni maji, akasema, na moyo ndio unaoshindwa nayo. Hapo hapo wakaanza kunitoa maji. Baadaye aliniambia, wagonjwa wangu wote wangekuwa na ndugu wanaowapima kila Ijumaa, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. Basi mimi sikuja kuwatukana. Nimekuja kusema ahsanteni. Niko hai kwa ajili ya ujinga wenu.

Benchi likashusha pumzi. Muuza kahawa, aliyekuwa amesimama na birika muda wote kama mgeni wa kilio, akakumbuka kazi yake na kuanza kugonganisha vikombe.

— Sasa, Mzee, Profesa akauliza, akiwa tayari amerudiwa na hamu ya kubishana, moyo na maji wapi na wapi? Si kazi ya figo hiyo?

— Nami nilimwuliza hivyo hivyo. Kasema moyo nao unatengeneza homoni. Ukijazwa maji mpaka ukavutika, unaitoa, inasafiri na damu hadi kwenye figo, inaziambia mwageni chumvi, mwageni maji. Wangu ulitoa na kutoa mpaka ukachoka, maji yakaushinda.

— Ulikuwa unabipu! Luninga akaruka. Naona kabisa. Moyo hauna salio, unabipu figo, figo zinaona namba, zinasema huyu naye kila siku anabipu, hazipigi!

— Acha fiksi zako, Kontena akamkata. Hii ni kliaringi. Moyo ni wakala, homoni ndizo makaratasi, figo ni kastamu. Makaratasi yakichelewa mzigo unalala bandarini. Ukilala, unavimba.

— Mzigo unavimba?

— Gharama zinavimba! Ni yale yale.

— Tena kuna la ajabu zaidi, Hamud akasema, akihisi raha ya zamani ikimrudia, ile ya kuwatupia mfupa na kuwaangalia. Wazungu wameanza kuona kwamba watu wanene, hata wasioumwa, homoni hiyo huwa kidogo kwenye damu yao kuliko wembamba. Na inaonekana hata mafuta ya mwilini inayasukuma yayeyuke. Kwa nini kwa wanene iwe kidogo, bado wanachunguza.

— Wachunguze nini? Profesa akasimama, mkono mmoja nyuma kama yuko mbele ya darasa la saba. Jibu hili hapa. Miaka ya foleni, nani alikuwa na kitambi? Hakuna. Homoni zilikuwa tele, za umma, kila mtu na mgawo wake. Ikaja soko huria. Mafuta ya kupikia ruksa, mikate ruksa, mishikaki kila kona. Ndugu zangu, moyo ukabinafsishwa! Figo zimebaki za serikali. Sasa shirika binafsi litume barua kwa shirika la serikali, litajibiwa lini?

— Hapo umeua, Luninga akakubali.

— Subirini, Kontena akasema. Kama ni hivyo homoni zetu zimeenda wapi? Haziwezi kupotea. Zimesafirishwa nje! Ndiyo maana Wazungu wanazo za kuchunguza. Nitaangalia kwenye makontena yanayotoka.

Wakacheka mpaka mpita njia mwenye kapu la nazi akasimama kuwaangalia. Hamud alicheka akiwa ameshika kifua, akashangaa kukuta kifua hakimzuii. Wiki kadhaa zilizopita alikuwa analala ameketi kwenye kiti na hakumwambia mtu, kwa kuwa Mzee wa Neema hapaswi kushindwa kulala. Leo alikuwa na pumzi ya kucheka na nyingine ikabaki. Alhamdulillahi, akasema moyoni, kisha akasema kwa sauti pia.

— Haya, akasema, mizani.

Kicheko kikakatika.

— Leo tuache, Mzee, Profesa akasema kwa upole. Tumeonywa.

— Mimi daktari kaniambia nijipime kila siku mpaka kufa. Nyinyi mnaniacha nijipime peke yangu? Ijumaa ni Ijumaa. Pandeni, nikachukue koti.

Wakapanda. Luninga alikuwa mwepesi kama kawaida yake. Profesa akapata sabini na nane. Kontena akasimama juu ya mizani ile bila majivuno yoyote, na chuma kikatulia kwenye themanini na moja.

— Kahawa yangu leo, akasema kwa huzuni. Mzee, usihangaike.

Ndani ya duka Hamud alikuwa mbele ya kaunta amevaa koti lake jeusi. Hospitali ilikuwa imemwachia kilo sabini na mbili. Alikuwa amekuja kuwashukuru, na kwa desturi ya benchi hili kulikuwa na njia moja tu ya kumnunulia mtu kahawa. Mauza alikuwa amempa mgongo, anafunga gunia la choroko. Hamud akanyoosha mkono kwenye mizani ndogo ya kupimia nafaka, akachukua jiwe la kilo tano, akalitia mfuko wa kulia. Mawe mawili ya kilo mbili mbili yakaenda wa kushoto. La kilo moja akalitia mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Akatoka polepole. Koti lilikuwa limeshuka karibu na magoti. Alipopanda, mawe ya kushoto yakagongana, nkwi, na papo hapo Luninga akashikwa na kikohozi kikubwa ambacho hakuwa nacho mwaka mzima. Kontena akainama kusoma. Akakaa ameinama muda mrefu, na aliponyanyuka macho yake yalikuwa mekundu.

— Themanini na mbili, akatangaza kwa sauti ya bandarini. Mzee Hamud amenishinda. Kahawa yake!

— Makofi, Profesa akasema, akaanza kupiga yeye mwenyewe.

Wakapiga makofi wote. Hamud akashuka akiwa ameshika mifuko yake kwa mikono miwili, akaketi katikati yao. Safari hii hakuna aliyesogea. Walibanana naye bega kwa bega. Muuza kahawa akajaza vikombe.

Wakati huo mama mmoja mgeni, Winifrida, aliyekuwa amehamia mtaa wa pili wiki ile, akaingia dukani na kikapu.

— Habari za hapa, mama? Nipimie maharage, kilo tatu.

Mauza akachota maharage, akageukia mizani, akaangalia juu ya kaunta, akaangalia chini ya kaunta, mawe hakuna. Winifrida akatoa kichwa nje, akawatazama wanaume wanne na vikombe vyao.

— Samahani, wazee wangu, akauliza. Mawe ya mizani ya duka hili yako wapi?

Kontena akaangalia juu kwenye nyaya za umeme. Luninga akaangalia ndani ya kikombe chake, Profesa akaangalia viatu. Hamud akaweka kiganja juu ya mfuko wake wa kulia.

Mama wa watu akasubiri jibu mpaka kahawa ikaisha.